Kidevu Hakipumui

Yakhe, weka kidole kwa pua. Sasa kishushe taratibu mpaka kidevuni. Umeona? Nafasi ya vidole vitatu tu. Hivyo vidole vitatu ndivyo vilivyotuchomea picha Ndia Kuu mwaka mzima wa 2020. Mask tulikuwa nazo. Doh ya mask tulitoa. Luku tulikuwa nazo kushinda Nairobi nzima. Lakini ukipita maskani jioni, wasee kumi wamekaa kwa ngazi, mask kumi, na zote ziko kwa kidevu. Utadhani corona inaingilia ndevu.

Kidevu hakipumui, mwanangu. Tafadhali.

Wacha nimpe rada mgeni kwanza, halafu turudi kwa maneno yetu. Ukiwa Fort Jesus, Mombasa, geuza mgongo kwa ngome, ingia Mji wa Kale. Hiyo barabara ya milango ya nakshi na roshani za mbao, ndio hiyo Ndia Kuu. Ndia ni njia. Wamvita hatuna haja na "nj" wala "nch", tunasema ndia, tunasema nti, maisha yanaendelea. Main road ya zamani, lakini nyembamba mpaka tuktuk ikikutana na mkokoteni lazima mmoja arudi nyuma, na hamali harudi. Roshani ya kwetu na ya jirani unaweza kupitisha sahani ya kaimati kwa mkono bila kusimama. Jirani akipiga chafya, sisi ndio tunasema yarhamukallah.

Sasa serikali ikasema watu wakae mbali mbali, meta moja na nusu. Meta gani? Tungeitoa wapi? Tungesukuma ukuta wa babu wa jirani? Kwa hivyo kwetu mask haikuwa mapambo. Mask ndio ilikuwa ile meta tuliyoikosa.

Case ya kwanza ya Kenya ilitangazwa 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, 27 Machi, kafyu ikaanza saa moja jioni. Siku hiyo hiyo kule Likoni karao wakatandika watu wa feri na kuwarushia teargas hata kabla saa moja haijafika. Watu wamejazana wakingoja kuvuka waende makwao, wanakohoa, wanatokwa na machozi, wanasukumana uso kwa uso. Ukitaka kumwonyesha mtu ugonjwa wa kupumua unavyopitishwa, hiyo ndio picha. Mimi hiyo siku bado inaniuma.

Aprili sheria ya mask ikatoka. Ukiwa mahali pa umma, dunga mask inayofunika mdomo na pua. Mdomo na pua, imeandikwa hivyo hivyo. Soma juu, soma chini, neno kidevu halimo. Ukipatikana bila, faini mpaka 20,000, au ndani miezi sita, au vyote viwili. Piga hesabu na mimi. Mask ya fundi mtaani ilikuwa finje. Ngiri ishirini ukigawanya kwa finje unapata mask 400. Unadunga mpya kila siku mwaka mzima, na 35 zinabaki za kugawia mashemeji. Halafu kuna mse alikuwa anaona finje ni nyingi. Bana!

Hapa ndio nataka unisikize vizuri. Redio na TV zikaanza kuiita hiyo kitu barakoa. Wasee wa bara wakashtuka, ati Kiswahili kimeunda neno jipya. Jipya wapi? Barakoa ni neno letu la pwani, limekuja na jahazi kutoka Uarabuni na limezeeka hapa. Enzi za masultani wa Zanzibar, mabibi wa koo za Kiomani hawakutoka nje bila barakoa: kitambaa kizuri, kimetiwa nakshi, paji la uso na pua vimefunikwa, macho ndio yanakuangalia. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, yule aliyehepa Zanzibar akaolewa na Mjerumani, ameieleza kwenye kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 1886. Mpaka leo Oman kuna kina mama wanaivaa.

Huku kwetu Mombasa na kule Lamu, mabibi wa wakati ule walitembea ndani ya shiraa, kama hema, na waliolibeba hema ni watumwa. Hiyo sehemu siisifu. Kisha likaja buibui. Kisha ninja, yaani nikabu. Ninachosema ni hivi: kufunika uso kwetu sio habari ya kuletewa na mkutano wa waandishi wa habari Nairobi. Ni nguo. Iko sandukuni pamoja na leso. Sasa mtu wa Ndia Kuu akiniambia kudunga mask kunamshinda, namuuliza nyanyake alikuwa mtu wa wapi.

Na ndio maana luku ziliwaka vile ziliwaka. Fundi akishapata oda mbili za mask anaacha hata kushona deraa. Biashara Street leso zikaanza kukatwa. Leso, kama hujui, ina pindo, ina mji, ina jina, yale maneno yanayoandikwa chini. Fundi mwenye akili hukata pindo likakaa juu, mstari wa pua, uso ukapata fremu. Lakini jina la leso ni refu na mask ni fupi. Kwa hivyo kila mask ilitoka na kipande cha sentensi. Manzi mmoja wa Kibokoni mask yake ilisema SITAKI. Hiyo tu. Wasee walimfuata kuanzia Kibokoni mpaka Kuze kutaka kujua hataki nini. Akawaambia: "Sitaki mtu asiye na mask." Wote wakapandisha kutoka kidevuni, pap, kama paredi ya Madaraka. Huyo manzi peke yake alifanya kazi kushinda mabango yote ya kaunti.

Kulikuwa na za kikoi. Kulikuwa na za kitambaa cha kanzu, nyeupe, na uzi wa dhahabu pembeni, hizo ni za Ijumaa. Madem walifukiza mask na udi kwa chetezo pamoja na nguo zao, kwa hivyo badala ya kunusa pumzi yako ya asubuhi, unatembea ndani ya harusi siku nzima. Mimi niliiga mara moja na sikurudi nyuma.

Halafu kuna beshte yangu mmoja, sitamtaja kwa sababu mamake anasoma. Akataka mask inayofanana na kofia yake, ile ya mkono iliyotariziwa. Akamlipa mshonaji, akangoja wiki kadhaa, akaja nayo maskani kifua mbele. Kazi safi, wallahi. Shida ni moja. Kofia ya mkono ina vitundu, vidogo vidogo, safu kwa safu, na vimewekwa makusudi ili kichwa kipate hewa. Mtu amelipa doh ya maana kudunga chujio. Tukamwambia ashone kitambaa ndani, akanuna siku mbili, akashona.

Wenye doh nao walikuwa na aibu zao. Kulikuwa na ile mask ngumu, bei juu, ina kidude cha plastiki mbele kama mfuniko wa kopo. Mse akiidunga anatembea katikati ya barabara kama ameshuka kwa ndege. Kile kidude ni vali. Ukivuta pumzi kinafunga, ukitoa pumzi kinafunguka. Maana yake, yeye analindwa na sisi anatupulizia kila kitu. Ni kama mtu anayekuja maskani, anadishi viazi karai vya kila mtu, halafu ikifika kulipa anapokea simu. Kulikuwa pia na kioo cha uso bila mask ndani, hewa inaingia chini kama dirisha wazi. Na ile nyeusi nyepesi ya kuvutika, unaiweka kwa mwangaza unaona jirani anapika nini. Nzuri kwa selfi. Kwa ugonjwa ni zii.

Za bluu za hospitali zilikuwa na drama yake. Mwanzoni zilipotea madukani, zikirudi zimekuja na bei ya nguru wa siku ya Idd. Baadaye zikashuka mpaka ashu, kila kona mtu ameshika boksi. Hapo ndio balaa likaanza, maana kitu cha ashu watu hawakiheshimu. Imeandikwa tumia mara moja, mse anaitumia mwezi. Ilikuwa bluu, ikawa kijivu, ikawa rangi ya majivu ya jiko. Na nimeona kwa macho yangu, mlangoni pa duka kubwa, jamaa anatoka, anavua yake, anampa mwenzake anayeingia. Mask moja, vinywa viwili, jasho la saa saba mchana. Afadhali hata kidevu. Hapana, nafuta. Hakuna afadhali kidevu.

Tuje kwa barza. Wazee wetu wa barza, Mungu awaweke, lakini siku hizo walibonga utumbo wa kufungulia chuo kikuu. Nimepita jioni na chupa ya kahawa tungu, watatu wamekaa. Wa kwanza akasema: "Hichi kidudu hutoka nti za baridi. Joto la Mvita hakiliwezi." Wa pili akasema yeye ana tangawizi, ndimu na kitunguu thaumu, kazi imekwisha. Wa tatu alikuwa na mask, tena ameidunga vizuri, nikamheshimu. Kisha akaishusha mpaka kidevuni, akakohoa, akaipandisha tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee, umeibeba siku nzima, dakika ya kazi yake ikifika unaifungulia mlango!

Joto la Mvita, ati. Mwaka huo Mombasa ilikuwa ya pili kwa wagonjwa nchini, nyuma ya Nairobi pekee. Joto lilikuwepo, jua lilikuwepo, corona nayo ilikuwa imekaa hapo chini ya muarobaini. Na kwa hii bandari yetu haikuwa mara ya kwanza. Ile homa kuu ya mafua ya 1918 ilishukia Mombasa pia, na meli, kabla haijapanda bara. Joto lilikuwa lile lile.

Kudharau mask ni ugonjwa wa wakubwa tangu zamani. Mwaka 1910, huko Manchuria, kaskazini mwa Uchina, tauni ya mapafu ilikuwa inafagia watu. Akatumwa daktari kijana wa miaka 31, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang. Akasema hii tauni inapita kwa pumzi, kila mtu afunike mdomo na pua kwa shashi na pamba. Kukawa na daktari mkubwa Mfaransa, Mesny, amemzidi umri, heshima kubwa, akamdharau yule kijana. Akaingia wodini bila kitu usoni. Siku chache baadaye amekufa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Ile tauni iliua watu kama 60,000 kabla haijazimwa. Hiyo stori niliwapelekea wazee wa barza. Yule wa tangawizi akaniuliza kama huyo Mfaransa alikuwa amejaribu ndimu.

Lakini nikuambie kitu, na hapa sicheki. Hao wazee wanaobonga utumbo ndio tuliokuwa tunawavalia. Sisi vijana corona wengi wetu ilitupitia kama mafua mabaya. Wao ndio ilikuwa inawachukua. Nyumba zetu hazina chumba cha babu peke yake kule mwisho. Babu, nyanya, ami, binamu watano, ngazi moja, choo kimoja. Mimi nikitoka maskani na kidevu changu, naenda kumpa nyanya salamu, namshika mkono, nambusu. Basi. Nimeshaleta.

Na 6 Mei 2020 ndio tukafungiwa. Katikati ya Ramadhani. Kenya ilikuwa na wagonjwa 582 siku hiyo, na waziri wa afya Mutahi Kagwe akatangaza mitaa miwili, Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa: hakuna kuingia, hakuna kutoka, siku 15. Mikahawa ikafungwa. Karao wakasimama mwisho wa kila njia. Siku 15 zikaongezwa, Idd ikatupata ndani, ikapita, mpaka Juni 6 ndio wakafungua. Msikiti wa Mandhry, uliojengwa 1570, ukawa hauna tarawehe. Ndia Kuu jioni ya Ramadhani bila harufu ya bhajia, bila watoto, bila fujo, yakhe, hicho kimya sikitaki tena.

Wasee wengi wa nje walitucheka, ati watu wa Mji wa Kale wamekataa kupimwa, ni wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua bei. Mtu alikuwa akipelekwa quarantine anakaa siku 14 au zaidi, kisha anapewa bili ya kila siku aliyolala. Hamali wa siku, mama wa mihogo, hiyo doh angeitoa wapi? Waliokamatwa na kafyu nao walitupwa quarantine, kwa hivyo watu wakaiona ni jela yenye sanitaiza. Mei hiyo hiyo serikali ikasema italipa yenyewe kwa vituo vyake, lakini woga ulikuwa umeshaingia kila ngazi. Na mtaa ukishatajwa kwa TV, umekwisha. Mse wa hapa akienda Kongowea akiulizwa anaishi wapi, anasema Tudor.

Ndio maana nilikuwa mkali na mask. Kipimo kina bili, quarantine ina mlango wa kufuli, TV ina jina lako. Mask haikuulizi kitambulisho. Finje, sabuni, jua. Hiyo ndio ilikuwa kinga pekee ambayo mama wa mihogo angeimiliki bila kumwogopa mtu, na sisi tukaining'iniza kwa ndevu kumfurahisha karao. Karao akipita, juu. Karao akiisha kupita, chini. Sasa karao ndiye aliyekuwa mgonjwa?

Mask ya leso ikiwa safu moja haitoshi, hilo nililijua baadaye. Juni 2020 shirika la afya duniani, WHO, likasema mask ya kitambaa iwe safu tatu. Ndani pamba, inyonye mate. Katikati kitambaa kisichofumwa, kama kile cha mifuko iliyokuja baada ya plastiki kupigwa marufuku 2017. Nje kitambaa kisichonywa maji. Fundi wetu mmoja alikuwa na mabaki ya hiyo mifuko gunia zima na alikuwa hajui ana mali. Leso ndani, mfuko katikati, poliesta nje, akaongeza waya mwembamba kwa pua ikakaza. Hiyo ilikuwa soo, na ilistahili kila bob. Dada zetu wa ninja nao wakashtuka mapema kwamba ninja ni safu moja na chini iko wazi, wakadunga mask ndani yake. Werevu.

Na jasho. Watu wa Nairobi hawaelewi hii. Hapa saa sita mchana mask yako imelowa kama umeogelea nayo, na mask iliyolowa haina kazi, unavuta maji. Kwa hivyo unatembea na mbili, moja usoni, moja safi kwa bahasha mfukoni. Ukibadilisha shika kamba, usishike mbele. Jioni sabuni na maji moto, asubuhi anika roshani, jua letu lifanye hiyo kazi wazee walisema linafanya.

11 Machi 2022 sheria ya mask nje ikaondolewa. Ndia Kuu ikavua usiku mmoja. Sai ukionekana na mask mtaani wasee wanakuuliza una nini, kama umebeba bomu. Hapo ndio mimi nakataa. Yangu ya leso iko, na udi wake. Kusi ikianza kuvuma, mafua yakipita nyumba kwa nyumba, naidunga. Nikienda kuona mgonjwa hospitali, naidunga, kwa sababu TB nayo inapita kwa pumzi na haikuondoka na corona. Nikiwa na kikohozi siendi kwa nyanya kabisa, na kama lazima niende, naidunga. Na imetulia na kanzu. Muulize yeyote.

Manzi wa SITAKI bado anayo yake. Nilimwona juzi, ana mafua, amekaa mwisho wa ngazi, mask juu mpaka chini ya macho, anadai achari kwa ishara. Ukija maskani leo jioni na kikohozi chako, viazi karai vipo, ukwaju upo, nafasi ipo. Ukija na kidevu, sahani yako iko kule karibu na Fort Jesus, na utakula peke yako.